Kasuku na Shahada ya Lugha Tatu

Jina lake halisi analo, na ni zuri, lakini mtaani kwetu hakuna anayelitumia. Watoto walimwita Kasuku kwa sababu kutwa alikuwa akirudia maneno ya watu wengine, na jina la utani likishamganda mtu, hata mama mzazi huishia kulikubali. Mama yake naye akawa Mama Kasuku. Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu na chao vinatenganishwa na ukuta mwembamba wa mbao, na maisha yao nimeyasikia kuliko ninavyoyasikia yangu. Kwa hiyo asije mtu akaniambia ninamsengenya jirani. Nasema niliyoyaona.

Walihamia wakitokea ng'ambo ya mpaka, baba, mama na mtoto, na godoro moja. Baba alikaa kidogo, kisha akaenda kutafuta kazi, na kazi hiyo lazima ilijificha kweli kweli maana anaitafuta mpaka leo. Mama akapata kibarua kwa dobi mkubwa anayefulia mahoteli mashuka. Huko mashine zinanguruma na kutoa mvuke mpaka hata watu wa lugha moja huongea kwa mikono. Asubuhi mashuka, jioni mashuka. Lugha ya hapa angejifunzia wapi? Akabaki na "asante", "bei gani" na "anasema nini". Mengine yote yakawa kazi ya mtoto.

Na mtoto aliifanya, jamani. Lugha ya kwao alikuja nayo, ya hapa akaidaka uani akicheza, na ile ya tatu, ya vitabu na maofisi, akaipata darasani. Basi ikawa mama haendi popote bila yeye. Zahanati, Kasuku. Kwa mwenye nyumba, Kasuku. Mwenye nyumba wetu ana mdomo mchafu kuliko choo chake, na alikuwa akisimama koridoni akimwaga matusi eti beseni la Mama Kasuku limeziba njia, mtoto akiwa katikati yao, mama akiuliza, "Anasema nini?" Na yule mtoto alisema yote. Hakupunguza wala hakuongeza. Sauti yake ilikuwa bapa kabisa, na akimaliza upande mmoja aligeuka upande wa pili kusubiri jibu.

Siku moja mwalimu alimwita mama shuleni. Mtoto ndiye mshtakiwa, na mtoto huyo huyo ndiye mkalimani. Mwalimu mwenyewe, ambaye namshonea nguo, ndiye aliyenisimulia. Alisema, huyu mtoto anasinzia darasani na akiulizwa ananuna. Kasuku akamgeukia mama yake akatafsiri neno kwa neno. Mama akamfinya palepale. Kasuku akamgeukia mwalimu, machozi yakimlengalenga, akasema, "Anasema nyumbani nitakiona cha mtema kuni." Mwalimu alikuwa akinisimulia huku kashika mbavu. Mimi sikucheka. Haya, nilicheka, lakini kidogo.

Sasa, watu wengi huniuliza, yule binti alipataje kuchagua masomo yale ya ajabu? Mimi najua yalipoanzia. Yalianzia kwenye vitunguu.

Pale njia panda kuna mama muuza mboga. Kasuku aligundua kwamba mama yake akienda mwenyewe na "bei gani" yake, fungu lina bei ya juu. Yeye akienda akasema lugha ya hapa, kwa lafudhi ya mtaani, bei inashuka. Akienda na sare ya shule, akatia na maneno mawili matatu ya ile lugha ya maofisi, anaitwa "binti yangu" na kuongezewa kitunguu juu. Fungu lile lile, muuzaji yule yule, siku ile ile. Akaja chumbani kwangu akasimama pembeni ya cherehani.

"Shangazi, kwa nini bei inabadilika mtu akifungua mdomo?"

"Kwa sababu yule mama ni mwizi," nikamwambia.

"Hapana. Angekuwa mwizi angetuibia sote sawa."

Nilimwambia anitungie uzi kwenye sindano, maana macho yangu yalishaanza kuchoka, na aache kuniletea maswali ya kunichelewesha. Lakini swali lile hakuliacha. Alikua nalo, likawa linakua naye.

Alipomaliza shule alifaulu vizuri sana, na kila mtu akawa na ushauri, kama kawaida ya watu mtoto akiwa si wao. Wengine uuguzi, wengine uhasibu. Yeye akaja na habari ya shahada ya uchumi na sayansi za jamii, vyote pamoja, tena inafundishwa kwa lugha tatu, ya kwao ikiwemo. Mimi hapo nilipandisha mori.

"Ndiyo nini hiyo? Mguu mmoja huku, mguu mmoja kule? Ukimaliza utaitwa nani? Muuguzi namjua, mhasibu namjua. Wewe utaandika nini mlangoni? Mshika mbili moja humponyoka, mwanangu."

"Mimi nimeshika tatu tangu sijang'oka meno ya utoto, shangazi," akanijibu. "Mpaka leo sijaangusha hata moja."

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda changu akimenya kitu. Akauliza kwa lugha yao, na Kasuku akanitafsiria swali ambalo alikuwa anaulizwa yeye mwenyewe: "Anasema, ukimaliza utakuwa nani?" Kisha akamjibu mama, akageuka akanitafsiria na jibu. "Nimemwambia, nitakuwa mtu anayejua kwa nini." Mama Kasuku akatikisa kichwa akaendelea kumenya. Sidhani kama jibu lilimtosha. Mimi halikunitosha hata chembe.

Siku ya usaili wa kuingia chuo nilimsindikiza mimi, mama alikuwa zamu. Tulikaa kwenye benchi refu la koridoni pamoja na vijana wengine, na kwa kuwa mdomo wangu haujui kupumzika, nikawauliza mmoja mmoja wamefuata nini kwenye shahada hii. Mmoja mwenye viatu vinavyong'aa akasema anataka kufanya kazi ng'ambo, na lugha zitamfungulia milango. Msichana wa pembeni yake akasema alitaka sayansi za jamii, baba yake akataka uchumi, wakakutana hapo katikati, na sasa amani ipo nyumbani. Mwingine akanong'ona kwamba hesabu zinamtesa na amesikia humu hesabu ni nusu tu. Nilimpenda huyo. Alikuwepo pia kijana aliyesema kwao wachumi huja wakapima kila kitu, wakaondoka, na hakuna aliyewahi kuwauliza watu wenyewe jambo lolote. Alisema hilo kwa hasira, nikamwona ana akili.

Kasuku alikuwa anajisemea, midomo ikicheza.

Alipoitwa, mlango haukufungwa vizuri, na mimi sikuwa na sababu ya kuufunga. Walimu walikuwa watatu, kila mmoja akamuuliza kwa lugha yake, naye akawa anaruka kutoka lugha moja hadi nyingine kama mtu anayevuka chumba chake mwenyewe gizani. Nilivimba kichwa pale kwenye benchi. Hapo mmoja wao, mwalimu wa kike aliyekuwa akitumia lugha ya hapa, akauliza, "Na sasa tuambie, kwa nini umeichagua shahada hii?"

Kisha nikasikia ile sauti bapa ya koridoni kwetu.

"Anasema anapenda kujua kwa nini bei..."

"Nani anasema?" yule mwalimu akauliza.

Lo! Nilifumba macho. Mtoto wa watu alikuwa ametafsiri maneno ya watu miaka yote ile mpaka, ilipofika zamu yake, akajitafsiri na yeye mwenyewe, akajiweka pembeni kama mgonjwa wa zahanati. Nilisikia mmoja anacheka, si kwa ubaya. Nilimsikia Kasuku akisema, "Samahani. Mimi. Ni mimi." Yaliyofuata aliyasema kwa sauti ndogo, sikuyapata. Alitoka amepauka uso. Walimchukua. Lakini nakwambia, tangu siku ile alikuwa kama mtu aliyepita mbele ya kioo akakuta hakuna mtu ndani yake.

Chuoni alisoma sana na alikaa peke yake sana. Mambo hayo alikuwa ananiambia akinipigia pasi mishono, jioni kabla mama hajarudi. Wenzake wa uchumi walimwita "mtu wa jamii", kwamba anauliza maswali ya huruma mahali pa hesabu. Wale wa sayansi za jamii wakamwita "mama hesabu". Wenye lugha ile ya maofisi walikaa meza yao, wa lugha ya hapa meza yao, naye akiwa anaelewa vicheko vya kila meza lakini hana kiti. Akirudi nyumbani, mama anamuuliza leo umesoma nini, na kwa lugha yao ya nyumbani mambo yale hayasemeki. Maneno ya vitabuni anayofundishwa chuoni yapo, ila mama hayajui, na yeye aliihama lugha ya nyumbani akiwa mdogo mno, akabaki na maneno ya jikoni na ya zahanati. Basi anamjibu mama, "Tumesoma vizuri." Kila siku, tumesoma vizuri.

"Nina lugha tatu, shangazi," aliniambia, "na hakuna hata moja ninayoweza kumwambia mtu mambo yangu yote."

Nilimwambia aolewe, yatapita. Akanicheka, nikafurahi angalau amecheka.

Ndipo likaja lile la mwaka wa ng'ambo. Shahada ile ina sharti: mwaka mzima lazima usome nchi nyingine, kwa lugha ya huko. Bila mwaka huo hakuna shahada, hata ufaulu vipi. Kasuku alilijua tangu mwanzo na akawa anajifanya halimhusu, kama mtu anavyojifanya hajaona jino linalotoboka. Wakati huo kifua cha Mama Kasuku kilishaharibika, mvuke na dawa za kufulia vilikuwa vimekipata, na kila mwezi lazima aende kliniki. Nani atamsemea? Kasuku akaenda chuoni kuomba asamehewe ule mwaka. Wakamwambia pole, haiwezekani. Akarudi akaniambia anaacha chuo.

Hasira zilinipanda mpaka nikapinda sindano. "Unaacha? Maji umeshayavulia nguo, wee mtoto, yaoge! Miaka yote hii nimekusikia ukutani unasoma kwa sauti mpaka na mimi najua mfumuko wa bei, halafu unaniambia unaacha?"

Kelele zangu zikamleta Mama Kasuku, mikono bado imesinyaa kwa maji ya kazini. Akatazama huku, akatazama kule. "Anasema nini?"

"Hakuna kitu, mama," Kasuku akasema kwa lugha yao. Hilo nililielewa.

"Kipo!" nikasema. "Mtafsirie. Mama Kasuku, binti yako anataka kuacha chuo, kwa sababu yako. Haya, sema!"

Alitafsiri. Sikutegemea, lakini mazoea yana nguvu. Mama yake alijifuta mikono kwenye kanga. Kisha akaanza kuongea, na hakumtazama binti yake, alinitazama mimi, juu ya kichwa cha mtoto, kama walivyozoea kuzungumza na watu siku zote. Kasuku akasimama katikati yetu na mikono nyuma.

"Anasema hakuvuka mpaka ili mimi niwe mdomo wake. Anasema mdomo anao." Akamngoja mama yake amalize. "Anasema kifua kikimuuma hata bubu anajua kuonyesha kifua. Anasema, mwambie huyu binti aende. Anasema... mimi ndiye ninayeogopa, halafu natafuta pa kujificha nyuma ya kikohozi chake."

"Ni kweli?" nikamuuliza.

Akamgeukia mama yake, akamtafsiria swali langu. Mama akanijibu mimi. Kasuku akasema, "Anasema ni kweli." Nikangoja aongeze la kwake. Hakuongeza. Alichukua pasi akaendelea kupiga mshono ambao ulikuwa umeshanyooka.

Akaenda. Pale kituoni alikuwa bado ananielekeza: vidonge vya asubuhi hivi, vya jioni vile, nesi mnene ndiye mpole. Mama yake alimshika mashavu kwa ile mikono iliyobabuka, akamwambia neno moja, nami safari hii hakuna aliyenitafsiria.

Nyumba ikapoa. Sijui niseme vipi. Ukuta ule wa mbao ambao nililalamika miaka yote kwamba unapitisha sauti, ukawa haupitishi kitu ila kikohozi. Mimi sina mtoto, na mume nilishamzika, na nilikuwa nadhani upweke nimeuzoea kama kiatu cha zamani. Kumbe nilikuwa najidanganya, nilikuwa naishi kwa sauti za watu wa chumba cha pili. Mama Kasuku akawa anakuja na kigoda chake jioni, anakaa, ananichambulia vifungo kwa rangi. Tulikaa miaka yote tukizungumza, mimi na yeye, mizaha, umbea, kila kitu, na mtoto alipoondoka tukagundua hatuna hata neno la kuombana chumvi. Nilimwonyesha kwa mikono, akaniletea sabuni. Tulicheka siku hiyo, halafu tukakaa kimya mpaka akaondoka.

Jumapili moja alasiri Kasuku akapiga simu. Hupiga kila Jumapili kwenye simu yangu, ya mama yake ina kioo kilichopasuka na haisikiki. Aliongea na mama kwanza, kwa furaha, nikawa nasikia vicheko. Kisha akamwomba anipe mimi. Na mara tu niliposema haloo, ile furaha ikakatika.

"Shangazi, usibadilishe uso, mama anakutazama. Huku siwezi."

"Chakula? Baridi?"

"Chakula kipo. Shangazi, huku hakuna mtu ninayemsemea. Kila mtu anajisemea mwenyewe. Tukikaa darasani wananiuliza, wewe unaonaje? Natafuta ndani, sikuti kitu. Naweza kuwaambia kila mtu aliyeko mezani kasema nini, kwa lugha yoyote wanayotaka. Langu silioni. Narudi chumbani nakaa kitandani na koti bado nimevaa. Jana sikusema neno na mtu hata mmoja, na hakuna aliyejua. Nimechoka kuwa peke yangu, shangazi."

Uso wangu bila shaka ulibadilika, mimi si mwigizaji. Mama Kasuku aliacha vifungo. Akanyanyuka. Akauliza kwa lugha ya hapa, kuhusu mtoto aliyemzaa mwenyewe:

"Anasema nini?"

Maneno ya kwao niliyo nayo ni machache, ni yale tu niliyojifunza kwa ajili ya kumpeleka kliniki: inauma, hapa, vidonge, vuta pumzi, tangu lini. Neno la upweke sikufundishwa, nani humpeleka mtu kliniki kwa upweke? Ningeweza kusema "vizuri", hilo pia ninalo. Nilimtazama yule mama, nikaona haiwezekani. Nikaweka mkono kifuani.

"Inauma," nikamwambia kwa lugha yao. "Hapa."

Hakushtuka. Aliuliza kama nesi anavyomuuliza yeye kila mwezi.

"Tangu lini?"

Nikarudi kwenye simu. "Mama yako anauliza, tangu lini?"

Nilitegemea aseme tangu nilipofika huku, tangu baridi ianze. Lakini akasema, na haikuwa ile sauti bapa, ilikuwa sauti nisiyoijua:

"Mwambie, tangu nikiwa mdogo."

Neno hilo sikuwa nalo. Nikashusha mkono wangu mpaka usawa wa meza ya cherehani, kimo cha mtoto anayesimama katikati ya watu wazima wawili, nikauacha hapo ukining'inia. Mama Kasuku akautazama mkono ule. Alipiga magoti mbele ya mkono huo, taratibu, kwa sababu ya kifua, kama mtu anayetaka kuonana uso kwa uso na mtoto aliyesimama pale.

Kisha akanyoosha mkono nimpe simu. Akaiweka sikioni na hakusema kitu. Akakaa sakafuni vile vile, kati ya mabaki ya vitambaa, akawa anasikiliza. Nilisikia sauti ya yule mtoto ikitoka kule mbali, ikisitasita, ikitafuta maneno ya lugha yao, ikikosa, ikianza upya, wala mama yake hakumkatiza. Nilikuwa na gauni la mtu la kumaliza jioni ile. Nikaondoa mguu kwenye cherehani nisije nikawazibia masikio.